Taka za Ufukweni Huanzia Jikoni

Safari ya kwenda kuogelea huanza jana yake jioni, na taka zake huanza saa hiyohiyo. Watu kumi na wawili wakiteremka fukwe za Tanga kama Raskazone, Mwambani au Kigombe bila mpango, jioni wana chupa za maji arobaini na kitu, sahani za kutupa, mirija, karatasi zenye mafuta na vifuko vya karanga visivyohesabika. Sehemu ya vitu hivyo hairudi nyumbani kabisa. Watu haohao wakijipanga, hurudi na kiroba kimoja kisichojaa, na karibu kila kilichomo kina kazi nyingine ya kufanya. Siri yake ni ndogo: chupa iliyorudi safi na kavu ni mali, na chupa hiyohiyo ikirudi na mchanga na mafuta ya samaki ni uchafu ambao hata muokota makopo ataupita.

Maji ndiyo yanayozaa taka nyingi kuliko chakula, kwa hiyo yapangwe kwanza. Mtu mzima juani, kuanzia asubuhi hadi alasiri, hunywa kama lita mbili. Watu 12 ni lita 24, yaani dumu la lita 20 na jingine la lita 5. Kwa chupa za nusu lita hesabu hiyo ni chupa 48, vizibo 48 na lebo 48. Dumu lililokuwa na mafuta ya kula linafaa sana likisafishwa sawasawa: mimina lita mbili za maji ya moto yasiyochemka (yaliyochemka hulegeza dumu likapinda), kijiko kimoja cha sabuni ya unga na kiganja kimoja cha mchele mbichi. Funga, tikisa kwa nguvu dakika tatu, mwaga, suuza mara tatu, kisha liinamishe wazi usiku kucha. Mchele ndio unaokwangua kwenye pembe ambako mkono haufiki. Likiendelea kunuka, tazama kifuniko: mafuta hujificha chini ya ule mpira wa ndani, na watu wengi hulaumu dumu bure. Dumu lililowahi kubeba rangi, dawa ya kuogeshea ng'ombe au dawa ya shambani halinyweshi mtu maji hata likioshwa mara mia. Hilo lisijaribiwe.

Chemsha maji jioni, yapoe yakiwa yamefunikwa, yajaze asubuhi. Ufukweni, lifunike dumu kwa gunia la katani lililoloweshwa na liweke kivulini upepo unakopita. Maji yanapokauka kwenye gunia huchukua joto la dumu. Hayawi ya barafu, ila yananyweka hata saa nane mchana. Gunia likikauka, lilowesheni tena, na maji ya bahari yanatosha kwa kazi hiyo. Inasikitisha kuona nyumba za Tanga zisizo na gunia hata moja la katani. Zao hili liliingia pande hizi mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche ambayo ni 62 tu iliyofika hai, na mashamba yote yakatokana na hiyo michache. Leo tunafunga mizigo yetu kwa kamba ya plastiki ya buluu isiyooza, huku kamba ya katani ikitengenezwa mlangoni petu.

Kama mna deli, msinunue barafu ya kwenye vifuko. Chukueni chupa sita za nusu lita mlizonazo tayari, zijazeni maji ya kunywa, acheni nafasi ya vidole viwili juu, mzigandishe. Nafasi hiyo ni ya lazima, kwa sababu maji yakiganda huongezeka karibu sehemu moja ya kumi, na chupa iliyojazwa hadi shingoni hupasuka mshono wa chini. Barafu ya ndani ya chupa hailowanishi chakula inapoyeyuka, na mwisho wa siku inanywewa.

Kwenye chakula, desturi ya pwani ilishatatua tatizo kabla halijaletwa: sinia. Sinia moja kwa watu wanne, masinia matatu kwa watu 12, na hakuna sahani ya kutupa hata moja. Vikombe viwe vya bati au vya plastiki ngumu, kila mpini umefungwa uzi wa rangi yake, mtu asije akatafuta kikombe kipya kwa kutotambua chake. Wali wa nazi ni mtamu lakini huchacha upesi kwenye joto. Uliopikwa alfajiri unaweza kuwa umeharibika saa nane, na sufuria nzima ikawa taka. Mihogo ya kuchemsha, chapati, mkate wa kumimina na samaki wa kukaanga huvumilia zaidi. Machungwa ya Muheza yanakuja na kifungashio chake mwenyewe.

Samaki na chapati vifungwe kwenye jani la mgomba, na hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu jani bichi likikunjwa hupasuka palepale na mafuta yakachuruzika kwenye kikapu. Dawa yake ni moto. Kata jani lililokomaa lakini halijachanwachanwa na upepo. Toa uti wa katikati kwa kisu, ubaki na pande mbili. Shika upande mmoja kwa mikono miwili, upitishe juu ya makaa ya moto, upana wa kiganja baada ya upana wa kiganja, sekunde mbili au tatu kila mahali. Utaliona likibadilika mbele ya macho yako: ule weupe wa vumbi juu yake unayeyuka, rangi inakoza na kung'aa, na jani linanyong'onyea kama kitambaa. Likianza kuwa la kahawia umechelewa, litavunjika. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Sasa weka vipande viwili kimoja juu ya kingine, mistari ya kimoja ikikatiza mistari ya kingine, kwa kuwa jani hupasukia kwenye mistari yake. Yakikatizana, moja linashikilia mwenzake. Funga kwa ukamba uliochanwa kwenye shina la mgomba huohuo. Samaki watatu wa kiasi hukaa humo tangu asubuhi hadi mchana bila tone kutoka.

Kabla ya kutoka nyumbani, mtazameni mwezi. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kama saa nne asubuhi na hujaa kama saa kumi alasiri, na tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kama dakika 50. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, mambo hugeuka: maji hujaa karibu na saa nne asubuhi na hayapandi sana. Anayefika saa nne siku ya bamvua hukuta ufukwe mpana mno, akatandika mkeka chini kabisa karibu na maji. Ikifika saa nane bahari iko miguuni, watu wanakimbiza vyombo na watoto, na vitu vidogo vilivyosahaulika katika dakika tano hizo ndivyo vinavyoondoka na maji. Taka nyingi za matembezi huingia baharini namna hii, bila mtu yeyote kukusudia kutupa. Tafuta mstari wa majani ya bahari yaliyokauka. Mara nyingi iko miwili: wa chini wenye unyevu ni wa maji ya jana, wa juu uliokauka kabisa ni wa bamvua. Keti juu ya ule wa juu, na ikiwezekana nyuma ya mvinje, maana upepo wa alasiri hubeba karatasi kabla mtu hajainuka.

Vyombo vya taka vitundikwe kabla ya chakula kufunguliwa. Vikitundikwa baadaye havitumiki. Vitatu vinatosha. Kiroba cha sandarusi kifungwe kwenye mti, mdomo ukiwa usawa wa kifua cha mtoto, kwa ajili ya chupa na makopo. Ndoo yenye mfuniko iwe ya mabaki ya chakula, maganda na yale majani ya mgomba. Kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko wake libebe vitu vidogo: vizibo, mirija, vijiti vya mishikaki, karatasi za peremende, vichungi vya sigara. Kichungi cha sigara wengi hudhani ni pamba. Ni nyuzi za plastiki, na hakiozi mchangani kama wanavyofikiri. Mwenye mtoto wa pampasi aje na ndoo ya nne ndogo, nayo ifunikwe; pampasi iliyofukiwa mchangani hufukuliwa na mbwa usiku uleule.

Maganda ya machungwa na mifupa ya samaki huwachanganya watu kwa sababu vinaoza. Ni kweli, lakini mchanga mkavu hauozeshi upesi. Kinachowahi ni nzi na kunguru. Kunguru wakishazoea mahali huwa adui wa ndege wengine, na kwenye fukwe ambako kasa hutaga, kama kusini ya Pangani, hudonoa vifaranga vinavyokimbilia majini. Ndoo ya mabaki irudi nyumbani ikaingie kwenye mboji. Maganda ya machungwa yakatwe vidogo kwanza, la sivyo miezi miwili baadaye utayakuta vilevile. Vichwa na mifupa ya samaki ifukiwe shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, ndipo paka wasifike.

Kuosha masinia ufukweni kuna ufundi wake. Sabuni ya mche haitoi povu kwenye maji ya bahari, inaganda tu kama ute mweupe, na watu huongeza sabuni wakidhani ni kidogo. Achana nayo. Chukua usumba wa nazi na majivu makavu, sugua mafuta yote mpaka sinia likwaruze mkononi, suuza kwa maji ya bahari, kisha malizia kwa kikombe kimoja cha maji baridi ya dumu. Hicho kikombe cha mwisho kisiachwe: chumvi ikikaukia kwenye alumini usiku kucha, huitoboa vidoti vidogo visivyoondoka.

Maji yakiwa yamepwa kuna nusu saa nzuri ya kupita ule mstari wa majani ya bahari na kiroba cha pili. Okoteni plastiki, nyavu, kamba za nailoni, ndala. Majani ya bahari yaacheni. Baadhi ya makundi ya usafi huyafagia yote ufukwe ukabaki mweupe kama sakafu, na hilo ni kosa, kwa kuwa majani hayo hushika mchanga usichukuliwe na mawimbi na hulisha viumbe wadogo ambao kaa na ndege huwategemea. Yatikiseni, toeni plastiki, yarudisheni palepale. Watoto wavae viatu, na vipande vya chupa viokotwe na mkubwa, viingie kwenye kopo gumu, visitumbukizwe kwenye kiroba ambacho kesho mtu atatia mkono.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na ufukweni tofauti inaonekana. Ila ule mfuko mbadala unaofanana na kitambaa, nao ni plastiki, nyuzi zake zimegandishwa kwa joto. Juani hukatika vipande vidogovidogo kama pamba. Uutumie mpaka uchakae, lakini usiuweke kwenye mboji na usiuache pwani. Chochote chepesi kinachoelea ndani ya maji kwa macho ya kasa ni yavuyavu, chakula chake. Kuanzia upande wa Tanga mjini hadi Pangani bahari hii iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki wa kale aitwaye silikanti.

Nyumbani, kazi ya chupa ifanyike jioni ileile. Wanunuzi wa makopo hupima kwa kilo, na kilo moja ya chupa za nusu lita ni kati ya chupa 50 na 80, kutegemea unene wake. Uliza bei kabla, kwa kuwa hupanda na kushuka. Wanachotaka ni chupa angavu, tupu, isiyo na mchanga wala mafuta, zile za kijani na za buluu zikiwa peke yake. Mchanga wanauogopa kwa sababu chupa husagwa kwa visu, na visu hufa. Iliyokaa juani ufukweni miezi mingi, imekuwa na ukungu na inavunjika ukiikunja, haitapokelewa. Peleka moja kwa moja kwenye kizimba cha taka. Zinazobaki suuza kwa maji kidogo, inamisha saa moja, toa kizibo na lebo, kanyaga kuanzia kitako kwenda shingoni hewa itoke. Kiroba cha kilo 50 kilichokuwa kikijaa kwa chupa mia kitabeba hata mara tatu ya hapo.

Kizibo hutolewa kwa sababu ni plastiki ya aina nyingine. Mwoneshe mtoto kwa beseni la maji: kata kipande cha chupa, kitumbukize pamoja na kizibo, ukisukume kila kimoja chini kwa kidole. Kipande cha chupa kinakwenda chini na kubaki. Kizibo kinaibuka. Viwandani hutenganishwa hivyohivyo, kwenye matangi ya maji. Baharini nako ni hivyohivyo, ndiyo maana vizibo huonekana vingi ufukweni kuliko chupa zake: chupa ikishaingia maji imezama, kizibo kinaendelea kuelea mbele ya ndege na samaki.

Chupa chache za lita moja na nusu zisiuzwe. Toboa kizibo matundu mawili kwa sindano ya moto, kata kitako, izike ikiwa imeinama kichwa chini kando ya mche wa mpapai, ijae maji. Kabla ya kufunga, weka kitambaa ndani ya kizibo, kwa kuwa tatizo la chupa hizi siku zote ni lilelile: mchanga huziba matundu siku ya tatu na mtu akadhani mche umeshiba. Ikiisha ndani ya saa moja, matundu ni makubwa. Pakiti za maziwa nazo zikioshwa na kukatwa pembe mbili za chini ni vitalu vizuri vya miche. Ila chai ya moto isitiwe kwenye chupa ya maji. Hulegea na kujikunja ikikaribia nyuzi 75. Mafuta ya taa yasiwekwe humo kamwe, hata kwa usiku mmoja, hata kabatini. Mtoto mwenye kiu haulizi.

Madafu ni mzigo unaosahaulika. Madafu 12 yaliyokunywewa ni rundo la kumjaza mtu baiskeli, na kama muuzaji yupo, mwachieni hapohapo, yeye anajua pa kupeleka. Mkirudi nayo nyumbani, pasueni kila moja vipande vinne na kuvilaza mgongo juu. Dafu lililokatwa kichwa tu ni kikombe: mvua moja, na mbu wanaoeneza dengue wanataga humo, na kwa joto letu ndani ya siku kumi hivi wanaruka. Mwaka 2019 dengue ilisumbua Dar es Salaam na Tanga, na vyombo vidogo vya namna hii uani vilikuwa miongoni mwa vya kuondolewa kwanza. Vipande vikianikwa wiki tatu za jua huwa kuni nzuri za kuwashia jiko. Makumbi ya nazi iliyokomaa ndiyo ya usumba, na huo wa kusugulia masinia unatoka humo.

Zinabaki ndala zilizookotwa. Hazina mnunuzi, lakini wavuvi wa Sahare na Deep Sea, hapa Tanga, wanazijua thamani yake, maana zinakatwa maboya ya nyavu. Zioshe, ng'oa mikanda, zitumbukize ndoo ya maji zikiwa zimekandamizwa na jiwe mpaka asubuhi. Toa jiwe. Zinazoibuka juu haraka ndizo zinazofaa. Kata miduara ya upana wa mdomo wa kikombe cha kahawa, mitatu au minne kwa ndala moja, na toboa katikati kwa kipande cha bomba chenye makali, ukikizungusha. Msumari wa moto hufanya kazi hiyo upesi zaidi lakini moshi wake ni mbaya na tundu lake hupasuka kamba ikivutwa. Miduara miwili ikibandikwa pamoja kwenye kamba huvumilia zaidi kuliko mmoja mnene. Zilizobaki chini ya ndoo, au zilizoibuka kwa uvivu, zimeshakunywa maji na haziwezi kuwa boya. Hizo wakatie watoto magurudumu ya magari yao ya makopo.